Jiko Kwenye Kona ya Dampo

Nimelelewa na bayogesi. Nyumbani kwetu Kikwe, kabla sijaenda shule, kazi yangu ilikuwa kukoroga mavi ya ng'ombe na maji na kuyamimina kwenye mtambo nyuma ya zizi, na nilinung'unika kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilipoajiriwa kurusha droni ya kupima methani kwenye dampo, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Umesoma miaka yote hiyo," akasema, "umerudi kule kule kwenye uvundo!"

Hakukosea, maana gesi ni ile ile. Taka zikioza chini ya udongo huitoa, nayo hupanda angani na kuzidisha joto la dunia. Droni yetu hubeba kifaa cha kuinusa. Hupita juu ya dampo mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia mahindi, kisha kompyuta inachora ramani. Penye gesi kidogo pana njano, penye nyingi pana nyekundu. Tulirusha asubuhi, mlima Meru ukiwa bado wazi na upepo haujaanza.

Kona moja ilinitia wazimu. Ilikuwa sehemu ya zamani, iliyofukiwa siku nyingi na kuota nyasi. Droni ikipita, nyekundu. Nikienda kwa miguu na kipimo cha mkononi, sipati kitu cha maana. Nikirusha tena, nyekundu. Mimi nina hasira za karibu. Nilimgombeza mwenzangu, nikaigombeza droni, nikabadilisha betri ambayo haikuwa na kosa lolote. Mwenzangu, baba mtu mzima na mpole, akasema labda mashine imechoka. Nikamwambia mashine haichoki, tunachoka sisi.

Siku ya nne nilimwachia yeye kurusha, nikaenda kusimama kwenye kona ile droni ikiwa angani. Palikuwa na kibanda cha mabati cha mama lishe anayewapikia waokota taka. Nilishakula maharage yake mara mbili bila kujiuliza anayaivisha kwa moto gani. Mlio wa droni uliposogea, nilimwona kupitia mlangoni akichukua gunia bichi na kulitupia jikoni. Moto ukazimika. Akatoka, akafunga mlango, akakaa nje na ungo wa mchele kama mtu asiye na habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sijapika."

Harufu ya maharage ilikuwa imejaa kona nzima. Nilimwomba afungue, naye akafungua kwa shingo upande. Kati ya mafiga matatu palikuwa na bomba la chuma lililochomekwa ardhini. Kipimo changu kilianza kulia hata kabla sijavuka kizingiti, nikamvuta mkono turudi nje.

Hapo ndipo nilipoelewa. Bomba likiwaka, gesi inaishia kwenye moto na droni haioni kitu. Yeye alidhani tunapiga picha za waliojenga damponi ili wafukuzwe, kwa hiyo kila akisikia mlio alizima, na gesi ikapenya kwenye mabati na kupanda moja kwa moja hadi kwenye kifaa chetu. Angeendelea kupika tusingempata kamwe. Nyingine ilibaki ndani, mlango umefungwa, ikimsubiri arudi na kiberiti.

"Ushawahi kurudi moto ukakurukia?"

"Mara moja tu," akasema, akajigusa juu ya macho. Nyusi zake zilikuwa za wanja mtupu. Siku zote nilidhani ni urembo.

Aliniomba nisiandike kwenye ripoti. Bomba lile alilichomeka marehemu mume wake, na tangu hapo hajanunua mkaa. "Ukiandika watanitoa," akasema. "Mimi nitakwenda kupikia wapi?" Niliona aibu, na kusema kweli nilitaka kunyamaza. Moto wa buluu ndio ulionikuza na mimi.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kikwe nikamweleza mama. Alikuwa anakoroga loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, hakugeuka.

"Hicho kibanda kina mlango?"

"Kina mlango."

"Basi andika."

Nikaandika. Bomba liling'olewa, kibanda kikavunjwa, kona ikashindiliwa udongo wa mfinyanzi. Yule mama lishe akaonyeshwa nafasi nje ya geti, chini ya turubai, apikie mkaa. Wiki za mwisho za kazi yetu pale nilikula mikate niliyobeba kutoka Sekei ninakopanga, nikaingilia njia ya nyuma ili nisipite pale.

Baada ya miezi kadhaa tulirudi kupima upya. Kona ilikuwa njano tupu, na mwenzangu akanipa mkono kwa furaha. Ulibaki upande wa geti, nikairusha droni mwenyewe. Droni ilipokaribia turubai, yule mama aliinuka ghafla, akachukua gunia bichi lililokuwa limefunika ndoo, akalitupia jiko lake la mkaa.

Majivu yakaruka mpaka kwenye maharage. Waokota taka waliokuwa wakingoja chakula wakapiga kelele. Yeye alibaki amesimama, mikono imemning'inia, akilitazama lile gunia likifuka moshi. Hakuwa na kitu chochote cha kuficha.

Niliishusha droni pale pale, mistari miwili ikiwa haijakamilika. Nikaenda, nikaliondoa gunia, nikapiga magoti mbele ya jiko nikaanza kupuliza. Macho yalinitoka machozi, na si kwa moshi peke yake.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia mpaka mkaa uliposhika.