Mwano Ndani ya Kibofu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini ng'ombe waliibwa sana upande wetu wa Geita. Kijiji kikaweka sheria: ukipigwa mwano, ule ukelele wa hatari, kila mwanamume atoke na upinde akimbilie unakotoka. Asiyetoka anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, shambani kwake hakuna wa kumsaidia. Ilikuwa sheria nzuri. Nasema hivyo ingawa ilinielekea mimi.

Mwano wa kwanza ulinikuta chooni. Wa pili pia. Ujanani niliugua kichocho, nilichokipata kwa kuingia lamboni kunywesha mifugo. Nilitibiwa, damu kwenye mkojo ikakoma, lakini kibofu hakikunyamaza. Kinawaka, natoka mbio, yanatoka matone tu. Nikijilaza, kinaita tena. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimeshika jembe.

Zahanati walinipima mkojo wakasema ni safi. Nikaanza kujishuku. Labda ni woga tu, nauita ugonjwa. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba woga haukuwamo.

Mganga wa zahanati, kijana mpole, hakunicheka.

"Mzee, mayai ya kichocho yalipokaa kwenye ukuta wa kibofu, chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, zilikuja kupigana nayo. Zikipigana zinamwaga vitu vinavyochokoza mishipa ya fahamu. Mishipa ikichokozeka inapeleka kelele kichwani, na hapohapo inaita askari wengine. Sasa adui simwoni tena, lakini hawa bado wanaitana."

"Dawa yake?"

"Ya kuua kichocho ninayo. Ya kuwatuliza hawa sina. Hata wakubwa zangu hawajamaliza kulielewa jambo hili."

Nilipoitwa barazani kuhukumiwa nilieleza hayohayo, vibaya kidogo, maana kukaa kuliniuma na kusimama kuliniuma. Jirani yangu, aliyeibiwa ng'ombe wake wote wa maziwa, akadakia:

"Mkojo safi, ugonjwa uko wapi? Leo kibofu, kesho atatuambia ana mimba!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa uchovu. Alikuwa na haki ya kusema. Ng'ombe walikuwa wake, na mimi sikutokea.

Kamanda wa ulinzi wa kijiji akaniuliza, "Usiku unalala?"

"Silali, mkubwa."

"Basi wewe usikimbie. Wewe sikiliza, na ukisikia kitu, piga mwano. Wenzako walale."

Sikutengwa. Ila sikujua kama wameniamini au wamenihurumia.

Alfajiri moja, natoka chooni, nikasikia mbuzi wa jirani wanavurugana zizini. Nikapiga mwano. Wanaume wakaja na pinde, nao wakapiga mwano wao, wakaja wengine mpaka wa kijiji cha pili. Wakazunguka, wakasukumana, wakakanyaga karanga za jirani mpaka jua likachomoza. Kumbe alikuwa fisi, na alishaondoka zamani.

Jirani akasimama akizitazama karanga zake zilivyolala chini. Nikasubiri matusi.

"Fisi hakugusa kitu," akasema. Kisha akanigeukia. "Ndivyo ilivyo humo tumboni mwako?"

"Ndivyo, ndugu yangu. Kila siku."

Aliingia ndani akatoka na kigoda, akaniwekea. Nikakaa. Haukupita muda kibofu kikaita, nikainuka tena, naye akakiacha kigoda palepale, akaanza kuinua miche iliyobaki hai.