Kisanduku cha Kapasita

Shule niliacha darasa la sita. Sikukosa akili, nilikosa utulivu. Tangu hapo nimepasua mbao, nimechemsha chumvi, nimechoma mkaa, na kila mahali nilikaa mpaka nijue kitu kinavyofanya kazi, kisha nikafunga mzigo. Chumbi ndiko nilikotaka kubaki. Dada mmoja mjane, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alinipa kazi ya kuiendesha na chumba cha uani. Baada ya misimu miwili akaniambia amechoka kumeza vumbi la pumba. Mavuno yakiisha angerudi shambani kwake, na mashine ingebaki mikononi mwangu. Sijawahi kuaminiwa kitu kikubwa namna ile.

Fundi umeme wetu alikuwa akitoka Kibiti. Nilimpenda kwa sababu alijibu maswali. Mafundi wengi ukiwauliza wanakutuma spana. Siku moja nilimwuliza kwa nini mota huandikwa kilowati na jenereta huandikwa kVA, kana kwamba kila kimoja kina ratili yake. Akachora mtumbwi kwenye vumbi la pumba sakafuni.

"Ukivuka mto unataka nini?"

"Nifike ng'ambo, kaka."

"Haya. Lakini kasia halikusukumi ng'ambo tu. Linapigana pia na mkondo usikupeleke chini. Huko kupigana hakukufikishi ng'ambo hata hatua moja, na ukiacha kupigana hufiki."

Mwendo wa kwenda ng'ambo, akasema, ndio nguvu halisi, ile inayokoboa mpunga na kuhesabiwa na mita ya luku. Kupigana na mkondo ni nguvu rejea: umeme unaoingia kwenye mota kuijenga sumaku, kisha unarudi ulikotoka, kwenda na kurudi, bila kukoboa punje. Na uchovu wa mkono wako, unaobeba yote mawili, ndio nguvu dhahiri. Hiyo ndiyo inayobebwa na waya, na ndiyo inayoandikwa kwenye jenereta. Halafu akaniambia jambo lililoninyima usingizi: hazijumlishwi kama machungwa. Tatu ya kwenda ng'ambo na nne ya kupigana na mkondo huzaa tano, si saba, kwa kuwa zinaelekea pande mbili zilizokaa kama kona ya mlango. Wiki nzima nilitembea nikipima kona za milango.

Ukutani, kati ya swichi kuu na mota zetu mbili, kulikuwa na kisanduku cha bati cha rangi ya kijani, ndani yake kapasita, vikopo vya kutunza umeme kwa muda. Kilikuwa hapo tangu enzi za marehemu mumewe dada. Mwezi mmoja kabla ya mavuno fundi alisema kimezeeka, kinaweza kulipuka, na isitoshe hakifanyi kazi yoyote. Dada hakuridhika. Akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayekaa na hii mashine. Kitolewe?"

Nilimwomba fundi tupime kwanza. Akafurahi, akanipa ile mita yake ya kubana waya, akanionyesha waya wa kubana. Nilibana, nikasoma ampea thelathini na mbili. Akakitenganisha kisanduku. Nikasoma tena: thelathini na mbili. Kwa siku tatu tulikoboa bila kisanduku, na luku ikala uniti zilezile kwa kila gunia. Kwetu luku ndiyo shahidi wa mwisho, kisichoongeza wala kupunguza uniti hakipo. Nikamwambia dada kwamba nimepima kwa mkono wangu mwenyewe, kisanduku ni pambo. Fundi akakifunga nyuma ya pikipiki yake, akaondoka nacho akisema atakitupa.

Mavuno yalipofika, maji ya mto yaliangusha nguzo bondeni na umeme ukakatika. Dada akakodi jenereta la kVA ishirini. Kina mama walikuwa wamepanga magunia mpaka barabarani, na mawingu yalikuwa mazito. Tuliwasha mota moja baada ya nyingine, zikazunguka vizuri. Nilipomimina mpunga, jenereta likaguna, taa zikafifia, swichi yake ikaruka. Tukarudia mara nne. Mama mmoja akaninyooshea kidole, akasema huyu fundi wetu anajua kuzima kuliko kuwasha, wakacheka. Jioni mvua ikanyesha. Magunia ya nje yaliloa, na asubuhi waliobaki walikodi gari wakapeleka mpunga wao kwingine.

Jenereta lile lilikuwa na uwezo wa ampea ishirini na tisa. Sisi tulitaka thelathini na mbili. Hilo nililiona. Nisilolielewa ni hili: mashine moja ya Ruaruke, ya shemeji yake fundi, ilikuwa ikikoboa kwa jenereta kama lile na mota kama zetu. Nikaazima mita, nikapanda bodaboda, nikavuka daraja la Ndundu.

Kisanduku chetu cha kijani kilikuwa ukutani kwa shemeji.

Nilibana waya baada ya kisanduku, unaokwenda kwenye mota: thelathini na mbili. Nikabana kabla yake, upande wa jenereta: ishirini na tatu. Nikasimama pale na mita mkononi. Kapasita haziipunguzii mota chochote. Ile nguvu ya kwenda na kurudi inakwenda na kurudi kati ya kapasita na mota, jenereta halisumbuliwi nayo. Tofauti huonekana upande mmoja tu wa kisanduku, na fundi alinishika mkono akanipeleka upande mwingine.

Nilimkuta Kibiti akinywa chai. Hakukana. Nilimwuliza kwa nini hakukichukua tu, kwa nini alinipa mita mimi.

"Dada yako asingenikubalia mimi," alisema. "Wewe angekukubalia. Na sikukudanganya namba hata moja, mdogo wangu. Ulisoma mwenyewe."

Kisanduku alikirudisha, kwa aibu ya watu waliokuwa wakisikiliza. Nilikifunga mwenyewe, jenereta likabeba mzigo bila kuguna, lakini uwanja ulikuwa umebaki na magunia machache. Nilimweleza dada yote, mtumbwi, mkondo, pande mbili za waya. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamalizia kwa kusema fundi ametusaliti.

"Mimi fundi sikumwamini tangu mwanzo," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Hakunifukuza. Siku iliyofuata alivaa kitambaa chake cha kuzuia vumbi, akaja kuiendesha mashine mwenyewe, akanipa kazi ya kushona midomo ya magunia. Nilishona mpaka gunia la mwisho.