Sifuri ya Mama Pindo Mbili

Mama Pindo Mbili, fundi cherehani, mjane wa kaka yangu fundi bomba. Binti wa mwashi aliyejenga ukuta wa stesheni ya zamani, ule uliogongwa na lori mara mbili na mara zote mbili lori ndilo lililoondoka kwa kuvutwa. Mjukuu wa mwanamke aliyeshona mahema ya wajenzi wa barabara kwa sindano ya mkono, mpaka kidole gumba kikaota sugu kama kisigino. Yeye mwenyewe ameshona sare za watoto ambao leo wanamletea wajukuu wao kupimwa. Ameshona mapazia ya mahakama. Aliwahi kulipanua gauni la bi harusi asubuhi ya harusi yenyewe, maana bi harusi alikuwa amenenepa kwa sababu ambayo haikuwa chakula, na hakuna mgeni aliyegundua. Na kwa miaka minne ameshona mashuka ya hospitali.

Hilo ndilo jina lake kamili. Lililo kwenye kitambulisho ni la serikali.

Jina la Pindo Mbili alipewa kwa sababu pindo la shuka yeye hulikunja mara mbili, pale mafundi wengine wanapokunja mara moja wakaenda zao. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, anakwambia dobi wa hospitali hana huruma.

Naandika habari hii kwa sababu nimeisikia sokoni ikisimuliwa vibaya. Wanasema wifi yangu aliishtaki serikali akashinda. Hakukuwa na kesi. Mimi nilikuwepo toka mwanzo, nimekaa kwenye benchi la kando ya cherehani yake, na kumbukumbu yangu haijaanza kuvuja.

Jambo lilianzia kwenye goti. Cherehani yake ni ya kukanyaga, aliinunua na kaka yangu mwaka ule daraja lilipochukuliwa na maji. Miaka arobaini na mbili ya kukanyaga, goti la kulia likasema basi. Daktari wa hospitali ile ile anayoishonea akamwambia, "Mama, achana na pedali."

"Na wewe achana na sindano," akamjibu, akashuka kitandani.

Lakini nyumbani nilimwona. Akishona mashuka matatu anasimama, anashika ukuta, anajifanya anatafuta uzi. Alihitaji mashine ya mota, ama aache kazi. Hakuna aliyesema neno hilo la pili, lakini lilikuwa limekaa nasi mle chumbani kama mgeni asiyeaga.

Ndipo mhasibu wa hospitali, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, akamfungua macho. Toka mwaka uliopita, kila hospitali ilipomlipa, ilikuwa inakata kodi kabisa na kuipeleka serikalini. "Sasa mama," akamwambia, "kwa mapato yako ya mwaka, kodi unayodaiwa ni ndogo kuliko uliyokatwa. Peleka ritani yako, ile taarifa ya mapato ya mwaka, kwenye mtandao, utarudishiwa iliyozidi." Akampigia hesabu kwenye karatasi. Wifi alipoiona ile namba ya mwisho aliikunja karatasi mara mbili, kama pindo, akaitia kifuani. Ilikuwa bei ya mashine ya mota, na chenji ya uzi juu yake.

Tukaenda kwa Bofya. Huyu ni baba mtu mzima mwenye chumba cha kompyuta nyuma ya duka la rangi, kompyuta tatu na feni moja inayotazama kompyuta badala ya wateja. Akina mama wa mtaa wetu wote, namba zetu za mlipakodi anazo yeye, na nenosiri pia. Tena nenosiri ni moja kwa sisi sote kumi na tisa, ili asichanganyikiwe. Sisi hatukuona ubaya. Mtu akikufungia zipu ya nyuma ya gauni humwulizi kaifungaje.

Bofya akajaza, akageuza kichwa, akajaza tena. Mwisho akabonyeza. Kioo kikaleta maandishi mekundu.

"Imekataliwa," akasema.

"Na nani?"

"Na mfumo, mama. Inasema ritani yako ya mwaka huu imeshapokelewa."

"Nimeileta saa ngapi, mie ndiyo naingia?"

Bofya akaanza kukuna shingo. Nikajua hapa pana jambo, maana mwanamume akikuna shingo mchana kweupe hakuwashwi.

"Niliipeleka mimi, mama. Wiki ya kwanza ya Januari. Huwa nawapelekea nyote kwa pamoja, kabla ya foleni. Naandika sifuri."

"Sifuri ndiyo nini?"

"Kwamba huna mapato. Huna kazi."

Wifi alivua miwani. "Nani kakwambia sina kazi?"

"Mama, si... nyie ni wazee. Msipopeleka kitu mnapigwa faini. Niliwafanyia wema, wala sikuwadai hata senti."

"Hiyo suruali uliyovaa nani kaipunguza?"

Bofya akaitazama suruali yake.

"Miaka mingapi umeniandika sifuri?"

"Minne, mama, huu ukiwemo."

Mimi nilidhani anawaza fedha. Lakini tulipotoka, kitu alichosema ni hiki: "Wifi, miaka yote ile, kumbe serikali inajua nimelala."

Ilibidi kupeleka ritani ya marekebisho, na barua, na karatasi za hospitali. Bofya aliifanya yote bure, tena mara tatu, maana ya kwanza ilikataliwa kwa picha kutosomeka na ya pili kwa tarehe. Ya tatu ikapokelewa. Kioo kikaandika: inashughulikiwa.

Jamani, neno hilo. Liliandikwa Aprili, na Novemba lilikuwa bado limekaa pale pale.

Kila Jumanne tulikwenda ofisi ya kodi, dirisha namba nne. Nilimsindikiza kwa ajili ya goti, na kwa sababu pale pana kiyoyozi. Dada wa dirishani alikuwa na adabu, siwezi kumsema vibaya. Alikuwa akitubonyezea, akitazama, akisema, "Bibi, bado inashughulikiwa."

"Na nani, mwanangu? Nimpelekee hata chai."

"Leo mfumo uko taratibu, bibi."

"Nao unaumwa goti?"

Yule dada alicheka mpaka bosi wake akachungulia. Lakini kucheka hakuleti fedha. Tulikuwa tukirudi, anakaa kwenye cherehani, anashona mashuka matatu, anasimama, anashika ukuta. Agosti yakawa mashuka mawili, Oktoba likawa moja. Hospitali ikatuma ujumbe: oda ya mwaka mpya ni mashuka mia tatu, je, ataweza? Akajibu ataweza. Nikamwambia, "Wifi, unadanganya hospitali?" Akaniambia, "Nimejibu, wifi, sijaapa."

Mwisho wa Novemba, Alhamisi asubuhi, akaja mgeni. Mama wa makamo, viatu bapa, mkoba mkubwa begani. Akajitambulisha kuwa ni afisa wa ukaguzi kutoka ofisi ya kodi. Niliutazama mlango wa uani.

Wifi akamvutia kiti, akaondoa vitambaa. "Karibu. Nilidhani mtanishughulikia mkiwa huko huko."

Afisa akatabasamu kidogo. "Mama, nitakuambia ukweli. Mfumo umelitia jina lako alama. Miaka mitatu mfululizo sifuri, mara mwaka wa nne mtu anadai kurudishiwa fedha nyingi. Hivyo ndivyo wezi wanavyofanya. Wananunua risiti za watu, wanajifanya mafundi. Nimekuja kuona kama fundi yupo."

"Fundi huyu hapa. Unataka nikupime?"

"Nataka uthibitisho kwamba mashuka yale ulishona wewe."

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Wifi yangu hana kitabu cha risiti. Ana madaftari. Kila kazi anayoshona, anakata kipande cha kitambaa ukubwa wa kidole, anakibana kwenye ukurasa kwa mishono miwili, na chini yake anaandika: ya nani, vipande vingapi, tarehe, kalipwa ngapi. Alianza hivyo mwaka ule sarafu zilipobadilishwa, mteja mmoja alipomsingizia kamwibia hariri. Akaokota kipande kilichobaki sakafuni, akamwonyesha, ilikuwa pamba. Toka siku hiyo ana madaftari thelathini na moja, yamepangwa juu ya kabati, na ukiyafungua yamevimba kama mikate.

Akashusha la mwaka unaodaiwa. Afisa akafungua mkoba wake, na unajua alitoa nini? Shuka. Alikuwa kapita stoo ya hospitali kwanza, akaliazima kwa kusaini. Akaliweka kando ya kile kipande, akavuta uzi, akasugua kwa vidole. Kisha akageuza pindo la shuka. Limekunjwa mara mbili. Akageuza la pazia la dirishani kwetu. Mara mbili. Akainama, akashika pindo la kanga niliyojifunga mimi mwenyewe, bila hodi. Mara mbili.

"Sawa," akasema. "Mwaka huu nimeridhika." Akaandika. Halafu akainua uso. "Na ile miaka mitatu ya nyuma, mama? Ulikuwa hufanyi kazi?"

Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliiona njia. Aseme ndiyo, alikuwa kapumzika, afisa aende zake na fedha zije zote, mashine ya mota inunuliwe. Madaftari yale mengine yalikuwa juu ya kabati, hakuna aliyeyaomba. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Wifi," akasema kwa sauti, mbele ya mgeni, "usinikanyage huo, ndio mzima."

Nilitamani sakafu inimeze na kiti changu.

Akainuka, akashika ukuta, akayashusha yale matatu ya miaka ile. Akayapanga mbele ya afisa. "Haya. Mashuka, sare, mapazia, na suruali za aliyeniandika sifuri."

Afisa hakuyagusa mara moja. "Mama, unaelewa nikiyafungua haya nitalazimika kuhesabu? Inaweza kuwa unadaiwa."

"Hesabu."

"Ungeniambia ulikuwa mgonjwa, nisingekuwa na la kukuuliza."

"Na mashuka ya miaka hiyo kashona nani? Jini?"

Afisa alihesabu mpaka chai ikapoa mara mbili. Miaka miwili mapato yalikuwa chini ya kiwango cha kutozwa, basi, hadaiwi. Mwaka wa tatu, ule ambao hospitali ilifungua wodi mpya na oda ikawa mara mbili, ulivuka. Kodi ya mwaka huo pamoja na faini ya kuchelewa vingekatwa kwenye marejesho yake. Ile namba iliyokunjwa kifuani ikapungua karibu nusu. Wifi akaitoa karatasi, akaifuta kwa kalamu ya afisa, akaandika mpya, akaikunja tena.

Mgeni alipoondoka sikumsemesha wifi. Nilinuna mpaka jioni, na mimi nikinuna hata kuku wangu wanajua. Mwisho nikamwambia, "Umejivua mashine mwenyewe."

"Wifi," akanijibu, huku anapiga pasi, "kaka yako alikufa ananisifu mbele za watu kwamba mke wake hajalala mchana hata siku moja. Sasa niende nikaandike kwa mkono wangu kuwa nililala miaka mitatu?"

Kweli kaka yangu alikuwa na domo hilo.

Fedha ziliingia wiki ya pili ya Januari. Alikuwa anakata kitambaa, simu ikalia kwenye kikapu cha nyuzi, akamaliza kukata ndipo akasoma. Hazikutosha mashine mpya. Lakini fundi wa mota kule mtaa wa vyuma alimwambia kwamba cherehani kama yake haina haja ya kutupwa. Inafungwa mota pembeni na mkanda wake, na kipedali kidogo cha kubonyeza kwa kidole cha mguu. Mota, mkanda, na kazi ya kufunga: fedha zikaisha hapo hapo, ikabaki ya uzi.

Siku ya kuwashwa nilikuwepo. Wifi aliketi, akaweka mguu wa kushoto kwenye kile kipedali, na ule wa kulia akaunyoosha. Haukujua ukae wapi. Uliendelea kutikisika peke yake, kama mtu anayesikia ngoma ya jirani. Shuka la kwanza likapita. La pili, la tatu, la kumi. Hakusimama kutafuta uzi.

Bofya naye alikuja siku hiyo hiyo, na suruali nyingine ya kupunguza. Alipitia pembeni pembeni, kama mtu aliyevunja kikombe.

"Mama, hongera ya mota."

"Asante. Keti." Akazima mashine, akafungua droo, akatoa daftari jipya, la jalada la buluu. Ndani alikuwa ameshaandika majina, kila jina ukurasa wake, chini patupu. "Mwaka huu hujabofya, eti?"

"Bado, mama. Naogopa hata kuwasha."

"Vizuri. Hili lako. Kabla hujabofya, utapita nyumba kwa nyumba. Utakaa chini, utauliza kila mmoja: mama, mwaka jana ulifanya kazi gani? Utaandika atakachokwambia. Asiyefanya, ndipo umwandikie sifuri. Na kila mtu umwekee nenosiri lake, siyo hilo la mtaa mzima."

"Mama, watu kumi na tisa!"

"Kumi na nane. Mimi nimeshaandikwa."

Bofya akalipima daftari mkononi, akakuna shingo. "Haya. Nianze na nani?"

Wifi akaniinulia mkasi, mimi niliyekuwa nimetulia zangu pale kwenye benchi. "Anza na huyu. Mwulize habari za mayai anayouza. Na asikudanganye, kuku ni kumi na wanne."