Paja la Kushoto la Babu

Baba yangu ni Msukuma ambaye hajawahi kufuga hata ndama mmoja. Kwa watu wa kwetu hilo ni jambo la kuulizwa, na baba ameulizwa mpaka amezeeka. Jibu lake ni lile lile, kwamba ng'ombe wana kupe. Uongo mtupu. Sababu ilikuwa kovu la babu.

Babu, yaani baba yake, alichechemea tangu ujana kwa sababu ya jeraha kwenye paja la kushoto. Mwenyewe alisema alilipata vitani Burma, akiwa askari wa Mwingereza. Alipofariki, majirani wakatunga lao: ule ulikuwa mshale wa wenye ng'ombe, mzee alifumwa zizini kwa watu. Tangu hapo baba akaona kwamba ng'ombe yeyote atakayemnunua, ataambiwa kamwiba.

Mwaka jana aliugua sana. Akaniambia, "Nisife na hili. Wewe una kompyuta, tafuta." Nina duka la steshenari mtaa wa Kambarage, na kwa baba kila mwenye kompyuta ni mpelelezi.

Nikaandika barua pepe ng'ambo, kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi, nikitaja jina la babu kama lilivyo kwenye msalaba wa kaburi lake. Baada ya majuma kadhaa wakanijibu kwamba hayumo, si kwenye orodha ya askari wala kwenye pensheni za majeruhi. Nikaanza kuwaamini majirani, na nikajichukia kwa hilo. Baba nilimwambia bado natafuta.

Nikaenda Katoro kwa shangazi, dada yake baba, anayeuza mchele sokoni. Nilipomsomea lile jibu alicheka mpaka akaweka chini kopo la kupimia.

"Hilo ulilowapa ni jina la ubatizo, mwanangu. Alibatizwa aliporudi kutoka vitani, maana bibi yako alikataa kuolewa na asiyebatizwa. Jeshini angelitoa wapi?"

"Sasa aliandikishwa kwa jina gani, shangazi?"

"La ngoma! Manju mzima, kiongozi wa ngoma, kijana anayeimbwa kila kijiji, aulizwe jina na Mzungu ataje lingine?"

Akaliimba palepale huku akichezesha mabega, wateja wakamshangilia. Nikaliandika kiganjani.

Nilituma maombi upya kwa jina la ngoma, na safari hii nikaletewa nakala ya faili la pensheni. Nilisoma nimesimama dukani: kipande cha kombora, paja la kushoto, Burma. Hakukuwa na mshale wala ng'ombe. Nikafunga duka mchana kweupe, nikaenda Ngokolo kwa baba.

Nilimkuta barazani, nikamtafsiria polepole. Akataka nirudie pale penye paja. Nikarudia. Akashusha pumzi ndefu, akasema, "Wabeja," sijui akinishukuru mimi au babu. Machozi yakanitoka na wala sikuyaficha. Ni kama mtu alikuwa amenitua gunia.

Baba akatazama ule uwanja mtupu pembeni ya nyumba ambao miaka yote umekuwa wa kuanikia nguo.

"Mnada lini?"

"Mnada wa nini, baba?"

"Wa ng'ombe. Nataka mtamba."

"Na kupe je?"

"Dawa zipo," akasema, akanituma nimletee viatu.