Mzee Anayetembea Bila Kutumwa

Kazi ya mzee hapa Lubumbashi ni kukaa. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini sisemi uongo. Kwenye kilio wanakuletea kiti kabla hujawasalimu wafiwa. Mume na mke wakigombana, unaitwa, unaletewa kiti. Ukikataa kukaa, umemkataa mwenye nyumba. Mimi ni mzee wa jumuiya ya kanisa huku Katuba, tena mkubwa wa ukoo wetu, kwa hiyo nimekaa sana maishani, na nilimshukuru Mungu kwa heshima hiyo mpaka mguu wangu wa kushoto ulipoanza kufa ganzi.

Munganga wa hospitali aliyenipima alikuwa mama kijana mwenye adabu. Alinichoma kidole cha mguu kwa sindano, nami nikaendelea kumweleza habari za mvua.

"Papa, haukusikia?"

"Kusikia nini?"

Akaiweka sindano chini. Alisema sukari imepanda na dawa peke yake haitatosha. "Utembee kila siku, papa. Hapana ile ya kuenda kusalimia bantu. Ile ya kutosha jasho mu mwili. Bila vile, huu muguu siku moja tutaukata."

Nikaamua kutembea alfajiri, baada ya sala, kabla watu hawajaanza kunitafuta. Siku ya kwanza sikufika hata kwenye lami. Katika jumuiya yetu, mtu akifa usiku, ni mimi ninayepita asubuhi mlango kwa mlango kupeleka habari. Jirani yangu, mama anayekaanga maandazi, aliponiona nimekaza mwendo aliyaacha mafuta motoni, akatoka mbio, kichwa wazi.

"Papa, nani alikufwa?"

"Hakuna muntu. Niko natembea tu."

"Kutembea tu, kuenda wapi?"

"Hakuna fasi. Niko nafanya spoti."

Akajitupa juu ya ndoo, mkono kifuani. "Spoti! Ee Yezu wangu! Papa, utatuua na presha. Vala hata kaptula, tujue!"

Nilicheka naye. Lakini nyuma yake milango mingine ilikwisha kufunguliwa, na mwanamke mmoja alikuwa amejifunga kitenge cha kilio tayari. Ilinibidi niingie kila lupango, ua baada ya ua, kueleza kwamba hakuna aliyekufa, na kila lupango walinipa kiti.

Nikajaribu kwenda kanisani kwa miguu. Watu wakampigia simu mwanangu kumwuliza kwa nini anamwacha baba yake atembee kama mtu asiye na watoto. Alikuja amekasirika. "Papa, unatupatisha haya." Nikamweleza maneno ya munganga. "Sasa utembee mu nyumba," akasema. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na kimoja kimejaa magunia ya makala ya kupikia.

Ukafika wakati wa mahari ya binti wa mdogo wangu. Msemaji wa familia ni mimi, siku zote. Juma lile tulikuwa na vilio viwili, nami sikuwa nimetembea hata kidogo. Wakwe walitoka Kasenga, wamepita Kasomeno na vumbi lake lote, wakaleta vikapu vya samaki wakavu. Msemaji wao alikuwa mtu wa maneno mengi. Alianza na babu zake, akapitia mto Luapula, na jua lilipoanza kushuka bado hajafika kwa kijana anayeoa. Mimi nilikuwa nimekaa tangu mchana, na mguu sikuusikia tena mpaka gotini. Nikaogopa, kweli nikaogopa.

Kwetu, msemaji wa upande wa binti hainuki kitini mgeni anaposema. Akiinuka, maana yake ameyakataa mazungumzo. Ndiyo maana nilimwinamia mdogo wangu, nikamnong'oneza: "Muguu ulikufwa. Naenda kuzunguka kidogo, narudia. Ubaambie."

Akaitika kwa kichwa. Nikatoka.

Hakuwaambia. Alidhani ninatafuta kuwatisha wale wageni ili waongeze mali, kwa sababu wazee hufanya hivyo mara nyingine. Akakunja mikono, akakaza uso, akatazama dari. Wageni wakangoja, wakakohoa, wakachukua kofia zao. Mimi nikarudi na jasho langu, mguu umepata joto, moyo umetulia, nikakuta vikapu vya samaki vinapandishwa tena juu ya gari.

"Ulienda wapi?" mdogo wangu akauliza, mbele ya wote.

"Nilikuambia. Kutembea."

"Katikati ya mali ya mutoto wangu, ulienda kufanya spoti?"

"Munganga alisema bataukata."

"Bazee bote beko na miguu ya kuuma, yaya. Banakaa." Hata hapo aliniita yaya, kaka mkubwa.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita tena. Familia ilimpa binamu yetu kazi ya kusema. Kanisani waliniambia, kwa upole mwingi, nipumzike, na habari za vifo sasa zinapelekwa na mwingine. Wakati niliokuwa naukosa, nikapewa wote mara moja. Nilitembea asubuhi, nikatembea jioni, na mama wa maandazi hakutoka tena nje. Polepole nilianza kusikia mshono wa kiatu, kisha kokoto. Munganga alifurahi kuliko mimi.

Jumamosi moja nilipita mbele ya nyumba ya mdogo wangu, nikasikia vigelegele. Lile gari la Kasenga lilikuwa hapo, jekundu kwa vumbi. Binti alitoka na beseni la maji ya kunawa mikono. Aliponiona aliliweka chini, akapiga magoti palepale kwenye udongo.

"Baba mukubwa, habakukuambia?"

Kabla sijajibu, baba yake alitokea mlangoni, ametabasamu kwa ajili ya wageni walio nyuma yake.

"Yaya, pita tu. Usikatishe spoti yako."

Nilimwekea binti mkono kichwani, nikapita. Mguu haukuniuma mahali popote.

Jioni ile nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mguu, na nilimshukuru kwa kweli. Kisha nikaanza Baba Yetu. Nilipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nikanyamaza. Nikaanza tena tangu mwanzo, nikanyamaza palepale.