Riwaya Iliyochanwa Darasani

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo hunirudisha kidato cha pili, Kibiti, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalijaa redio na mitumba, lakini darasa letu la watu arobaini na wawili lilikuwa na nakala moja tu ya riwaya ya kusoma.

Mwalimu Pili, aliyetufundisha Kiswahili, hakulalamika. Asubuhi moja aliichana riwaya ile mbele yetu, sura baada ya sura. Tulishika vinywa! Kila sura tukaigandishia jalada la mfuko wa saruji kwa gundi ile ya muhogo, zikagawiwa kwa makundi.

"Someni, kisha mtusimulie," alisema. "Na mjiandae kubishiwa."

Sura ya kundi letu ilimhusu mama anayemkabidhi mwanawe, mwizi, kwa liwali. Mimi na wenzangu tulimlaani mama yule. Nilipofika nyumbani Mchukwi nikamsomea bibi, naye anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Mjukuu wangu, huyo kamwokoa mwanawe. Wanakijiji wangemuua."

Hilo halikuandikwa popote katika sura ile. Kesho yake nililitetea mpaka Saidi, bingwa wetu wa ubishi, akaketi.

Haukupita muda akaja mkaguzi. Kuona vile vipande, akafura.

"Mwalimu, ndivyo mnavyotunza mali ya shule?"

"Chagua mwanafunzi yeyote, bwana, umuulize utakalo," Mwalimu Pili alimjibu taratibu.

Kidole kikaniangukia mimi: nisimulie sura ya mwisho, ambayo hata sikuwahi kuishika. Nilisimama. Nilichokuwa nacho ni masimulizi ya wenzangu tu, nikaanza nayo hayo hayo. Katikati nikakwama. Nikamtazama mwalimu, yeye kimya, anatazama dirishani. Kisha jina la mhusika nililolisahau likanijia, na sura nikaimaliza.

"Na yule mama aliyemkabidhi mwanawe, alikosea?" akauliza mkaguzi, kumbe naye aliijua riwaya ile.

Darasa likalipuka pande mbili. Mkaguzi akavuta kiti, akasikiliza hadi kengele ikalia, akaondoka bila kugusia tena vile vipande. Siku ile nilitembea kwenda nyumbani kwa madaha kama bibi harusi.

Niwaambie ukweli, nilidhani mwalimu alinyamaza kwa kuwa hakuwa na hofu. Leo nami nafundisha riwaya. Mwanafunzi akikwama mbele ya mgeni, jibu hunitoka kabla sijajizuia. Sasa najua Mwalimu Pili aliogopa kuliko mimi, na bado aliniachia nimalize mwenyewe.