Kuni za Nyanya na Injini ya Maji

Juzi nilirudi Karungu, nikafungua mfereji uani kwa kaka yangu, na maji yakatoka kimyakimya. Nikabaki nimetega sikio kama mjinga. Wewe uliyekulia kando ya ziwa utanielewa: zamani maji hayakuja bila kelele. Injini ya mvuke kule ufuoni ilianza kuhema alfajiri, moshi wake ukachanganyika na harufu ya samaki ambao nyanya aliwakausha motoni, ndipo bomba la sokoni likakohoa na kutema maji.

Injini hiyo ilikula kuni. Na kiangazi cha mwaka mmoja, kuni za nyanya zikaanza kupungua.

Nyanya alimshuku mchochea moto wa injini, mgeni kutoka upande wa Ntimaru, mtu mpole aliyenuka grisi. "Tumbo lisiloshiba halikosi kuiba," alisema. Alimweleza jirani yetu, mama aliyekunywa uji kwetu kila asubuhi, naye akatikisa kichwa kwa huzuni: "Wageni ni hivyo tu." Soko zima likasikia. Wanawake wakakataa kumwuzia yule mtu samaki. Akawa anakula peke yake, anapita peke yake, macho yote mgongoni mwake.

Asubuhi moja nyanya alinishika mkono, tukaingia nyumba ya pampu bila hodi. Joto lilitupiga usoni. Gurudumu kubwa lilizunguka, sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Kando ya tanuri palikuwa na matita ya kuni, yamefungwa kwa vipande vya wavu wa buluu. Fundo lilikuwa la nyanya mwenyewe.

"Hizi si kuni zangu hizi?"

Mchochea moto alifuta mikono. "Mama, mimi nanunua tu. Jirani yako ndiye analeta na punda. Nilidhani mnauza pamoja."

Nyanya akanivuta mkono, tukatoka. Mchana kweupe alichagua ngege, samaki wanono wa ziwani, akawabeba kichwani kupitia katikati ya soko, polepole, ili kila mtu aone anawapeleka nyumba ya pampu.

Kesho yake jirani alikuja kama kawaida. Nyanya akamjazia kikombe hadi ukingoni.

"Kunywa, nyarwa, binti wa kwetu. Moto wa uji huu pia ni kuni zangu."

Jirani alikiweka kikombe chini bila kuonja. Hakurudi tena uani kwetu, na nyanya, aliyempenda kama ndugu, hakuwahi tena kuacha mlango wa jikoni wazi.

Injini ile ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Siku hizi pampu inaendeshwa na jua, ndani ya ua wa waya. Maji yakikatika, watu wananong'ona kwamba yameelekezwa kwa wakubwa. Huenda ni kweli, huenda ni fitina. Nilikwenda kuona mwenyewe. Nilikuta kufuli. Nikabisha, nikangoja, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza.